Mbao Zilizolishinda Bara

Siku jedwali liliposomwa ukumbini, Mama Jedwali alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo. Viti vya mbele vilikuwa vya wageni na vya katikati vilikuwa vya wakubwa wa idara. Kazi yenyewe ilikuwa yake. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyejumlisha mbao za viwandani zinazoingia nchini, plaiwudi, chipubodi na silingi bodi, akaziweka safu moja mkabala na mbao zinazoingia katika sehemu yote iliyobaki ya bara. Kushoto nchi yetu, kulia bara. Kila mwaka safu ya kushoto ilikuwa kijinamba cha kutia huruma, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuliulizia jedwali hilo. Ofisini walimbandika jina la Mama Jedwali kwa utani tu, kwa vile ndiye pekee aliyelipenda.

Mwaka huo safu ya kushoto ilikuwa kubwa kuliko ya kulia. Nchi peke yake ilikuwa imeingiza mita za ujazo milioni mbili, laki tatu na elfu themanini na nane, na bara lote lililobaki likiwekwa pamoja halikufika milioni mbili na laki mbili. Mheshimiwa waziri aliisoma namba hiyo mara mbili kwenye kipaza sauti, akasema nchi inayotumia mbao namna hii ni nchi inayojenga. Makofi yakapigwa. Mkuu wa kitengo akasimama kupokea pongezi, kisha akageuka na kumpungia mkono Mama Jedwali. Mwanamke akainuka, akatengeneza mtandio, akidhani anatambulishwa. Alikuwa anaombwa aongeze maji kwenye meza ya mbele, akaenda akaongeza.

Utauliza mbona hakuna aliyeshtuka. Walishtuka wengi tu. Lakini namba ikishasomwa na mkubwa, mwenye kushtuka hujiona yeye ndiye mjinga, akanyamaza ili asijulikane. Mama Jedwali mwenyewe alikuwa ameshtuka wiki mbili kabla, akajumlisha upya mara tatu, na mara zote tatu hesabu ikatoka ile ile. Akaona basi, nchi imeendelea bila yeye kuwa na habari.

Mtaani habari ilifika kabla yake. Mumewe alikuwa mtunza ghala la forodha, ghala ambalo kila ubao ulioingia nchini ulipitia hapo kabla ya kwenda dukani. Jioni hiyo fundi cherehani wa mlango wa pili alikuja na tabasamu, akaomba mbao mbili tu za kuzibia dari. Kesho yake akaja mwalimu, akataka nne. Mtunza ghala akawaeleza kwamba pale hatoki hata kibanzi bila karatasi. Walicheka, wakaondoka wakijua kwamba ameamua kula peke yake. Kumbe mtu huyu aliwahi kurudi kazini kwa miguu kwa sababu amegundua mfukoni ana kalamu ya ofisi.

Wakati wa kula alimtania mkewe. Akasema hiyo milioni mbili yao ni nzuri, ila yeye ghala analoliona ni lile lile, na panya ni wale wale. Mkewe akamwambia namba ndiyo hiyo. Mtunza ghala akatafuna, akafikiri kidogo, akasema labda siku hizi zinaingia na kutoka haraka.

&nbsp;

Wiki ya tatu ilikuja barua kutoka ofisi ya takwimu ya bara. Ilikuwa na adabu nyingi. Waliomba ruhusa ya kuja kujifunza mbao zote hizo zinatumikaje, kwa maana nchi nyingine zingependa kuiga mfano. Mkuu wa kitengo aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Maseremala walikuwa wakilia mwaka mzima kwamba plaiwudi haipatikani. Majengo mapya mjini yalihesabika kwa vidole. Mbao zimeingia, jedwali linasema. Madukani hazipo. Basi kuna mtu amezichukua, na mwenye funguo za ghala alikuwa mmoja.

Mkaguzi aliyeletwa alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye sauti ya chini. Kila aliyeanza kujieleza kwa haraka alimwambia, "Taratibu." Wabeba mizigo wa ghalani wakamwita Bwana Taratibu siku hiyo hiyo. Alimwomba mtunza ghala funguo, akazipokea kwa mikono miwili kama mgeni apokeavyo kikombe, kisha akakaa kwenye kiti cha mwenye funguo. Mtunza ghala akaonyeshwa kiti cha wageni, ndani ya ofisi aliyoifagia mwenyewe kwa miaka tisa.

Mama Jedwali aliambiwa hayo nyumbani jioni hiyo. Asubuhi aliwahi kazini, akatoa nakala za rejista ya ghala, akazitandaza mezani. Safu ilikuwa na kichwa kilichopigwa chapa zamani: mita za ujazo. Chini yake, mwezi baada ya mwezi, ulikuwa mwandiko wa mumewe, saba zake zikiwa na kistari, zimefungwa mkanda kiunoni. Miaka yote ya nyuma mwandiko ulikuwa wa mzee mpimaji, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea idadi ya mbao na kuigeuza kuwa mita za ujazo. Mzee yule alistaafu mwanzoni mwa mwaka, na nafasi yake haikujazwa. Mumewe, ambaye hakuajiriwa kupima bali kuhesabu, aliandika alichohesabu. Aliandika mbao.

Akachukua karatasi, akagawa. Ubao wa kawaida, urefu, upana na unene, karibu kumi na tisa ndizo zinazotimiza mita moja ya ujazo. Milioni mbili na ushee ikashuka hadi laki moja na elfu ishirini na nane. Kijinamba kile kile cha kutia huruma.

Hapa pana jambo ambalo ni la hawa wawili tu. Rejista ingekuwa na mwandiko wa mtu mwingine, angepiga simu saa hiyo hiyo, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, mkali wa kuuliza hadi watu wa bandarini walimkimbia kwenye simu. Lakini zile saba zenye mkanda alizijua tangu barua za uchumba. Wakati wa kujumlisha, alipoziona alisikia joto moyoni, vidole vikaandika. Na isitoshe, mke hampigii mumewe kazini kumwuliza kama anajua anachokifanya. Alimheshimu, ndiyo maana akakosea.

Mlango wa mkuu wa kitengo ulikuwa hatua sita kutoka mezani kwake. Alizihesabu kwa macho. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka kwa mwaka, na mwezi wa kuutia saini upya ulikuwa huo. Akajiambia mbao ambazo hazipo hazitaonekana, na mkaguzi asiyeona kitu hufunga mkoba akaenda zake. Akazirudisha nakala kwenye faili, akafunga kamba.

&nbsp;

Bwana Taratibu hakupiga mtu wala kufoka. Kila asubuhi mtunza ghala alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda, akaketi kiti cha wageni. Mbele yake pakawekwa jedwali la mkewe lenye muhuri, na rejista yenye saini yake. Kisha akaulizwa swali moja, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia. Ziliwekwa wapi? Akijibu, Bwana Taratibu aliandika jibu lote, akamshukuru, akauliza tena. Siku mbili za mwanzo mtunza ghala alisema hakuna kilichopotea. Siku ya tatu alisema hajui. Siku ya nne alisema, kwa uchovu, kwamba pengine hakumbuki vizuri, na hilo nalo likaandikwa.

Nyumbani alianza kuhesabu. Midomo ilicheza bila sauti wakati anakula, wakati anavaa viatu. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao katika chumba kidogo cha nyuma, alilalamika kwamba nyumba inanuka gundi. Mama Jedwali akafungua madirisha, akapiga deki kwa dawa. Kesho yake harufu ilikuwepo, kali, ile ya mbao mpya zilizofunguliwa sasa hivi. Bibi akauliza ni nani anayeleta vitu ndani bila kumwambia. Binti yao wa miaka minane akasema si vitu, ni vya baba. Alipoulizwa vya baba vipi, akainama kwenye daftari lake.

Siku ya saba, alasiri ya jua kali, Mama Jedwali aliingia akamkuta mumewe amesimama katikati ya sebule. Kiganja chake kilikuwa kimeegemea hewani, usawa wa kifua, na uzito wa mwili ulikuwa umelalia upande huo. Mtu wa kawaida akisimama vile huanguka. Hakuwa akianguka.

"Mke wangu," akasema bila kugeuka. "Zile namba za jedwali, ulizijumlisha mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Zikatoka sawa?"

Zilikuwa zimetoka sawa. Akajibu ndiyo.

"Basi ziliingia." Alilisema hilo kwa nafuu, kama aliyeondolewa mwiba. "Mimi ni mtu wa kusahau. Wewe hujawahi kukosea, tangu nikuoe sijaona hesabu yako ya chumvi ikaenda upande. Ukisema ziliingia, ziliingia, ni mimi ndiye nisiyekumbuka nilikoziweka. Jana nilikumbuka chache."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lilikuwa limefika mdomoni, na hapakuwa na mtu wa kumzuia. Aliona mkataba usio na saini, akaona dawa za mama mkwe za kila mwezi, akaona uso wa mkuu wa kitengo. Aliona pia, na hili lilimwumiza kuliko yote, uso wa mumewe anavyomwamini.

"Kula kwanza," akamwambia.

Mtunza ghala akaja mezani. Hakupita katikati ya chumba, ingawa palikuwa peupe. Alipita kwa ubavu, mgongo ukisugua ukuta, tumbo amelivuta ndani.

&nbsp;

Siku ya tisa alikumbuka zote. Alimwomba Bwana Taratibu chaki na ruhusa, akamwingiza ghalani, akamtembeza kwa saa tatu. Ghala lilikuwa tupu isipokuwa vifurushi vichache vya chipubodi karibu na lango. Alimwonyesha safu ya tatu, za kahawia, zilizokaza vizuri. Akamwonyesha safu ya saba, iliyolowa ubavuni mwezi wa mvua. Alitia alama za chaki sakafuni kila pembe ya kila safu, na mistari ilikuwa imenyooka. Wabeba mizigo walisimama langoni. Dereva wa foklifti, mtu mzima asiye na mzaha, aliapa kwamba alimwona Bwana Taratibu akijibana na kupita upande upande kati ya mistari miwili, na sauti zao mle ndani hazikuwa na mwangwi.

Kisha mtunza ghala akatia saini maelezo ya kurasa nne. Ghala lilipojaa, aliandika, nilizobaki nazo nilizipeleka nyumbani kwangu.

Walikuja kupekua saa nne asubuhi, watu watatu, wakiwa na mtunza ghala katikati yao. Majirani walishajipanga nje, mwalimu na fundi cherehani wakiwa mstari wa mbele. Wapekuzi waligonga dari kwa mpini wa ufagio. Walivuta kabati, wakakuta limetengenezwa kwa chipubodi, wakadai risiti ya kabati la harusi ya miaka kumi na miwili iliyopita. Bibi akainuliwa kitandani, godoro likapinduliwa mbele yake, na madoa ya godoro yakaonekana na kila aliyechungulia dirishani. Bibi alifunika uso kwa kanga. Mama Jedwali alisimama mlangoni mikono imening'inia, akawaacha.

Hawakupata kitu, na waliandika hivyo. Lakini wakati wa kutoka sebuleni walitoka mmoja mmoja, ubavu ubavu, migongo ukutani. Wa mwisho alijikwaa, akanyoosha mkono, akajishika, akasema samahani. Alipoona hakuna aliyemsogelea alitazama kiganja chake, akakifuta kwenye suruali, akaharakisha kuwafuata wenzake. Walimchukua mtunza ghala. Alimwambia mkewe kwa upole asiguse zile za chini, zitaporomoka zimwangukie mtoto.

&nbsp;

Siku ya kumi na moja Mama Jedwali alizimaliza zile hatua sita. Aliweka nakala mbele ya mkuu wa kitengo, akaeleza kosa tangu mwanzo, mwandiko wa mumewe, joto la moyo wake, kila kitu. Hakulia. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyebakiza miaka miwili astaafu.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Mumeo amekiri, unajua?"

"Amekiri kuiba kitu ambacho hakikuwepo, mkuu."

Mkuu akafunga kalamu yake na kuifungua tena. "Nikuambie ukweli, dada yangu. Mbao zilizoibwa tunaweza kuzieleza. Mheshimiwa atasema tulikuwa nazo, mwizi akatuharibia, na bara zima litatuonea huruma. Mbao ambazo hazikuwepo nitazieleza vipi?"

Akamshauri arudi mezani kwake, na mkataba wake utatiwa saini leo leo. Akaongeza kuwa kwa kosa la kwanza mahakama haitamkazia sana mumewe, miaka mitatu, minne. Mama Jedwali alikusanya nakala zake. Njiani aliazima futi ya fundi cherehani, na yule fundi, kwa aibu ya dirishani, alimpa bila kuuliza.

Alimkuta Bwana Taratibu ghalani, peke yake, amekaa kwenye kiti cha mumewe lakini amekigeuza kielekee ukutani. Hakumwomba ruhusa. Alikwenda kwenye vifurushi vya langoni, akapima ubao mmoja, urefu, upana, unene, akaandika sakafuni kwa chaki, akazidisha. Akamwita aje aone. Kumi na nane na ushee. Kisha akamwekea rejista, akamwonyesha mwezi ambao mwandiko wa mzee mpimaji unakoma na saba zenye mkanda zinaanza.

Bwana Taratibu alichuchumaa, akazidisha mwenyewe, akafuta, akazidisha tena. Hakuwa mjinga, na namba ilipomwingia alionekana kuzeeka.

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili ya wewe kuja."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa kukosa kazi," akasema. "Nilimwacha mume wangu akae kwenye kiti kile siku tisa kwa sababu ya karatasi ya mkataba. Andika na hilo."

Aliandika na hilo. Aliandika kwa mwendo wake, akampa asome, akamwonyesha pa kutia saini. Akasema kesho mumewe ataachiwa, na ripoti yake itasema mbao hazikuwepo, na hakuna mkubwa atakayeibadilisha. Alilisema kwa namna ambayo Mama Jedwali alimwamini. Alipomsindikiza hadi langoni, hakukatiza ghala katikati. Walifuata ukuta.

"Nitaandika hazikuwepo, kwa sababu hesabu ni hesabu," akasema pale nje, akipangusa bega la koti lake. "Lakini mimi nilipita kati yake kwa miguu yangu, mama. Saa tatu nzima. Usimlaumu sana."

&nbsp;

Barua zilikuja mbili, bahasha za rangi moja na saini moja. Moja ilimwambia mtunza ghala kwamba hana hatia na anaweza kurejea kazini. Nyingine ilimshukuru Mama Jedwali kwa utumishi wa miaka kumi na moja. Aliisoma hiyo ya pili amesimama jikoni, akaiweka chini ya sufuria. Alishangaa kwamba hasikii uchungu. Mume alikuwa anarudi nyumbani, na siku hiyo hakutaka kingine.

Alifika saa sita mchana, amekonda, na lile shati la pasi limekunjamana. Binti alimkimbilia, akamrukia shingoni, wakacheka wote wawili. Bibi akamwombea dua ndefu. Halafu mtunza ghala akaingia sebuleni kwa ubavu, na bibi, bila kuambiwa, akakunja miguu yake kumpisha, na binti akapita nyuma yake kwa mtindo huo huo, haraka, kwa mazoea ya mtoto aliyekwisha kuizoea njia.

Mama Jedwali akamkalisha. Akamshika mikono yote miwili na kumwambia kila kitu. Alimwambia alivyoona mwandiko wake akashindwa kuuliza. Alimwambia kwamba siku ile ya swali la jumla alikuwa anajua, akamwambia ale. Sasa alilia, na hakujificha. Akamwomba amsamehe, si kwa kosa la namba bali kwa zile siku. Mtunza ghala alimsikiliza kwa makini, kama alivyosikiliza siku zote. Akamfuta machozi kwa kiganja. Akamwambia amemsamehe, na uso wake ulionyesha hivyo kweli.

"Kumi na tisa kwa mita moja," akasema, macho juu, midomo ikicheza. "Laki moja na elfu ishirini na nane. Ni kweli. Hesabu yako ni kweli kabisa."

Mwanamke akashusha pumzi ambayo alikuwa ameibana kwa majuma. Akamkumbatia. Aliona mwisho umefika, watafute maisha mengine, hata ya kuuza mkaa, mradi kichwa cha mumewe kimerudi mahali pake. Mtunza ghala alimpapasa mgongo, akitazama juu ya bega lake, sebuleni.

"Basi hizi ni za nani?" akauliza.

Nje fundi cherehani alikuwa akikanyaga cherehani yake, na jua lilikuwa limejaa dirishani, na sakafu ilikuwa nyeupe, safi, haina kitu. Mtunza ghala alisimama akakunja mikono ya shati. Alisema hana ugomvi na mtu, lakini mali isiyo yake hailali ndani ya nyumba yake tena. Wataanza na za juu. Akainama katikati ya chumba, akapitisha vidole chini ya kitu, akamtazama mkewe akimsubiri.

"Shika upande huo."

Angeweza kukataa. Angeweza kuita majirani, kwenda kutafuta daktari, na kesho huenda angefanya hivyo. Lakini aliwahi kunyamaza akamwacha peke yake siku tisa, na hakutaka kumwacha ya kumi. Akasema moyoni atamfuatisha tu, kama unavyomfuatisha mgonjwa. Akasogea upande wa pili, akainama, akaweka mikono chini mahali mumewe alipomwonyesha kwa kidevu. Wakainua.

Uzito ukamvuta mabega. Akarekebisha mshiko, akamwita binti yake aje awashikie mlango.